Miti Imekwisha Kusema, Mvua Iko Njiani



Mwezi wa Septemba, masomo yakiwa yameanza tu, tulikuwa tunasoma kitabu cha Kifaransa katika darasa la tano. Kitabu kinasema mwaka una majira manne, na printemps inaanza tarehe 21 Machi: maua yanatoka, ndege wanarudi. Mtoto mmoja akanyoosha mkono. «Mwalimu, printemps yetu inaanza siku gani?»

Nilikosa jibu la haraka. Hapa Likasi, Machi ni mwisho wa mvua. Mahindi yanakaribia kuvunwa. Nikawapa kazi ya nyumbani: muulizeni nkambo wenu anajuaje kwamba mvua inakuja. Kesho yake, watoto wanne tu ndio walileta jibu. Wengine walisema nkambo yuko kijijini, au amekwisha kufariki, au nyumbani hakuna mtu anayejua.

Hiyo ndiyo sababu ninawaandikia.

Majira yetu ya kuchipua yapo, na hayafuati kalenda ya Ulaya. Tazameni msitu unaobaki kwenye vilima. Tangu Agosti inapokwisha, jua likiwa kali na udongo mkavu kama tofali, miti kama muputu na mutondo inatoa majani mapya. Mengine ni mekundu kama shaba, na baadaye yanageuka kijani. Tone la mvua halijaanguka bado. Mti unatumia maji uliyoyaweka ndani ya shina na yale ambayo mizizi mirefu inayafuata chini. Wazee wetu waliona hilo wakasema: miti imeanza kujiandaa, nasi tujiandae.

Hata majina ya miezi yalifundisha. Katika Kibemba, ambacho wengi wetu tunakisikia nyumbani, Mei ni Kapepo kanono, baridi ndogo, na Juni ni Kapepo kakalamba, baridi kubwa. Desemba ni Mupundu-milimo: jina la mti wa mapundu pamoja na jina la kazi. Mtoto aliyejua majina hayo alikuwa na kalenda kichwani.

Majira hayo yalikuwa na desturi zake, na kila desturi ilikuwa na maana.

Ya kwanza ni moto. Kwa Wabemba, ng'ambo ya mpaka huko Zambia, matawi yaliyokatwa kwa ajili ya mashamba ya citemene hayakuchomwa ovyo. Watu walingojea mfalme au chifu atoe ishara. Audrey Richards, mwanamke Mwingereza aliyeishi nao katika miaka ya 1930, aliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1939, pamoja na desturi ya kubariki mbegu na shoka. Ukichoma peke yako mapema, moto unaweza kukimbilia matawi ya jirani, naye atapanda wapi?

Ya pili ni vinkubala. Kwa Wabisa, vilevile huko Zambia, machifu walikataza watu kuviokota kabla havijakomaa. Siku ikifika, ndipo wote wanaingia msituni. Wadudu wanaoachwa wanashuka ardhini, wanajifukia, na mwaka unaofuata wanatoka vipepeo wa kutaga mayai mapya. Anayemaliza vyote leo, kesho sufuria yake iko tupu.

Ya tatu ni uyoga, bowa zetu. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanaruka, watoto wanawakimbilia kwenye taa, na baadaye bowa zinatoka kwenye vichuguu. Aina moja ya huku kwetu na Zambia inaweza kupanua kofia yake karibu meta nzima. Lakini desturi ilikuwa kali: mtoto haokoti bowa peke yake. Anafuatana na nkambo, mwaka baada ya mwaka, mpaka ajue kila moja kwa jina, kwa harufu na kwa mahali inapoota.

Hapa, mama mwenzangu, tusikilizane vizuri. Kuna bowa zinazoua, na sumu yake haitoki kwa kuchemsha, kwa chumvi wala kwa kuanika juani. Kuweka kitunguu au sarafu ndani ya sufuria hakuonyeshi kitu. Sumu ile mbaya kabisa inaweza kukaa kimya saa sita au zaidi kabla ya kutapika na kuhara kuanza. Kisha mgonjwa anaonekana kupata nafuu, kumbe ini linaharibika. Msingojee. Mpelekeni hospitali mara moja, na mabaki ya bowa mkononi.

Ya nne ni mbegu, na hapa najisema mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita mvua kubwa ilinyesha katikati ya Oktoba. Nilifurahi, nikapanda mahindi yote siku mbili zile. Mama mkwe aliniambia: «Mwanangu, hiyo ni mvua ya kuosha vumbi. Chimba uone.» Sikuchimba. Niliona kwamba mimi nimesoma. Jua likarudi karibu majuma matatu, mahindi yakaota kidogo yakakauka. Nilinunua mbegu mara ya pili kwa pesa ya viatu vya watoto.

Yeye alikuwa amechimba. Alichoma jembe chini, akatia mkono: udongo ulikuwa na maji kwa kina cha vidole viwili tu, chini vumbi. Alingoja mpaka unyevu ufike kwenye kiko cha mkono, katikati ya Novemba, wakati ambapo wakulima wengi wa Katanga wanapanda. Kila mwaka anaweka pia kikombe cha mbegu pembeni, hakigusi mpaka shamba liote.

Sasa msitu unarudi nyuma. Makala tunayopikia bukari yanatoka kwenye miti hiyohiyo ya majani mekundu, na nkambo wanaondoka mmoja mmoja. Mti ukikatwa, shina laweza kuchipua tena. Nkambo akienda bila kuulizwa, hakuna kinachochipua.

Basi ninaomba jambo dogo. Jumamosi hii, kila mama aketi na mtoto wake karibu na mzee mmoja, wa ukoo au wa jirani. Mtoto aulize maswali matatu: mvua unaijuaje? bowa gani haziliwi? mbegu unapanda lini? Ayaandike katika daftari, kwa lugha ya mzee huyo. Mkutano unaokuja tuyasome pamoja. Mimi nitayapeleka darasani, kwa sababu yule mtoto wa darasa la tano bado anangojea jibu langu.

Mvua njema, wamama.