Usukani Ukilegea

Jahazi kuukuu likipakwa rangi mpya hupendeza macho. Mwenye mali hufurahi, na abiria hupanda bila wasiwasi. Lakini vyuma viushikavyo usukani vimo tezini, vingine chini ya maji, wala havitazamwi na mtu. Juu ya vyuma hivyo ndipo tunapotaka kusema leo, kwa kuwa roho za mabaharia zimetundikwa hapo.

Ndugu msomaji wa bara pengine hajapata kuviona. Usukani hutundikwa kwenye fashini, yaani ule mti uliosimama nyuma ya chombo, kwa bawaba ziitwazo rumada. Kila bawaba ina dume na jike: dume ni ncha nene iliyokazwa kwenye usukani ikielekea chini, na jike ni pete iliyokazwa kwenye fashini. Nahodha akisukuma kana, ncha huzunguka ndani ya pete, na chombo hugeuka.

Kila wimbi lipigalo tezi huutikisa usukani. Miaka ikipita, ncha hulika ikawa nyembamba, na pete hupanuka ikawa kama yai. Kwanza kana hucheza kidogo mkononi. Kisha usukani hugonga usiku chombo kikiwa nangani. Mwisho bolti hulegea ndani ya mti na maji hupenya. Mabaharia wengi huzoea mgongo huo wakalala usingizi. Sisi twaona kuwa kuuzoea ni hatari kuliko ule ubovu wenyewe.

Huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, ambako vyombo vya mbao huundwa pwani, kazi hii hungoja bamvua. Chombo huletwa ufukoni maji yakijaa, hutiwa magadi ya miti, na maji yakipwa hubaki pakavu. Fundi ana saa chache tu. Usukani huinuliwa mpaka ncha zitoke. Ndipo fundi hugonga fashini kwa nyundo ndogo, akitega sikio: mti mzima hulia, mti uliooza hutoa sauti nzito. Matundu ya zamani huzibwa kwa vigingi vya mti mgumu, na mapya hutobolewa kando. Kisha huvutwa uzi toka juu hata chini, ili pete zote ziwe katika mstari mmoja. Moja ikipotoka, ncha moja hubeba mzigo wa zote. Fundi hodari hulifanya dume la chini kuwa refu kidogo, lipate kuingia kwanza wakati wa kuurudisha usukani.

Kosa tunalolichukia zaidi ni kuchanganya madini. Mtu ana bawaba za shaba, naye huzikaza kwa bolti za chuma kwa sababu ni rahisi. Katika maji ya chumvi umeme mdogo hupita kati ya madini hayo mawili, na chuma huliwa upesi. Hata shaba ya njano, iliyotiwa zinki, huhadaa: zinki hutoka, umbo likabaki lile lile, lakini nguvu imekwisha. Ikwaruze kwa kisu. Ukiona wekundu, itupe. Shaba iliyochanganywa na bati hudumu zaidi, nayo ina bei yake.

Bei hiyo ndiyo iletayo ugomvi. Siku moja tulimsikia nahodha akimsihi fundi: “Fundi, nifungie kamba tu. Mwenye chombo asema vyuma vingoje mpaka baada ya karafuu.”

Fundi hakuinua macho. “Kamba nitafunga, nahodha. Naye atasafiri nawe?”

Nahodha alinyamaza. Yeye na mabaharia wake hulipwa kwa safari. Chombo kikikaa pwani, nyumbani hapapikwi. Hakuna haki mtu mmoja kuchagua bei ya chuma na wengine kukitegemea baharini. Maji yalipoanza kurudi, usukani ulikuwa ungali umelala mchangani, na nahodha alikuwa ameondoka kwenda kumpigia simu mwenye mali.