Kabla Hujamkabidhi Mtu Uso Wako

Mdogo wangu alijifungua salama pale Handeni, ila mashavu yake yakabaki na mabaka ya kahawia. Majirani wakamwambia, "Panda gari uende Korogwe, kuna mahali wanasafisha uso." Akaenda, akapewa kikopo kisicho na jina. Wiki ya pili uso uling'aa, nasi tukamsifu. Alipoacha kupaka, uso ukawaka kama uliomwagiwa maji ya moto na kujaa chunusi. Mtoto alikuwa bado ananyonya.

Siandiki haya ili achekwe. Naandika kwa sababu akina mama wengi tuko njiani kwenda mahali kama pale.

Mabaka yale huwapata wanawake wengi wakati wa ujauzito, au wanapotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Jua huyazidisha. Kwa wengi hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Subira na kofia pana vingemsaidia mdogo wangu kuliko kile kikopo.

Je, kuna nini katika mikorogo? Mara nyingi kuna mojawapo ya vitu vitatu. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha weusi wa kibluu usiotoka kwa urahisi. Dawa kali za jamii ya steroidi, kama betamethasone na clobetasol, hupunguza unene wa ngozi. Ukiziacha ghafla, uso huwaka. Zebaki hudhuru figo, na yaweza kumfikia mtoto tumboni. Nazo sindano za kung'arisha mwili zenye glutathione hazijaidhinishwa kwa kazi hiyo na mamlaka ya dawa ya Marekani.

MAMBO YA KUULIZA

Basi, mama, ukiwa na shida ya ngozi, usianze na bei. Anza na maswali haya:

1. Anayetibu ni nani? Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize bila woga. Mtaalamu wa kweli hakasiriki. Fundi wa saluni aweza kuwa hodari wa nywele, lakini si tabibu.

2. Amekuuliza nini? Kabla ya kukupa dawa, anapaswa kujua kama una mimba, unanyonyesha, na umekuwa ukipaka nini. Nawe sema kweli yote. Mficha uchi hazai.

3. Ugonjwa wenyewe ni upi? Baka lililopauka na lisilohisi ukiligusa laweza kuwa ukoma, ambao hutibika, na dawa zake hutolewa bure. Fangasi nao hujificha ukiwapaka steroidi, kisha huenea. Anayekupa krimu bila kutazama ngozi yako vizuri anakuficha ugonjwa.

4. Dawa inaitwaje? Iwe na jina, viambato na tarehe ya kwisha. Kikopo kilichochanganywa nyuma ya pazia kiache hapo hapo.

5. Ikinidhuru, nitarudi kwa nani? Kuchubua uso kwa kemikali au kwa mwanga wa leza kwaweza kuunguza ngozi nyeusi na kuacha makovu. Anayeahidi weupe kwa siku saba, mwage kwa heri.

Kwa sisi wa Handeni na Korogwe, pa kuanzia ni hospitali ya wilaya, au Magunga pale Korogwe mjini. Tatizo likiwa kubwa, omba rufaa ya Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi, ambako wataalamu wa ngozi wamekuwa wakifundishwa tangu 1992. Nauli ya Moshi ni kubwa, lakini ngozi iliyoharibika hugharimu zaidi.

Tukumbuke pia Samweli alipofika nyumbani kwa Yese. Alivutiwa na sura ya kijana wa kwanza, naye Bwana akamrekebisha. Nanyi akina baba, neno moja la kumsifu mkeo kama alivyo laweza kumwepusha na kikopo.

Mdogo wangu alikwenda hospitali akaeleza kila kitu. Uso ulipoa polepole, ingawa alama chache zimebaki. Siku hizi huenda shambani na kofia pana, na mwenzake akimwuliza habari ya kusafisha uso, humketisha chini kwanza.