Chesisi Iliyopasuka Haitaki Fundi wa Kubahatisha

Malori yanayoelekea Zambia na Kongo hufika Tunduma yakiwa yameshapanda Kitonga na kuivuka milima ya Mbeya na shehena nzito mgongoni. Mengine hurudi na shaba. Chuma nacho huchoka, ndiyo maana kuanzia Mlowo na Vwawa hadi mpakani hukosi kusikia grenda ikilia kando ya barabara. Kijana wa Songwe anayeutaka ufundi wa kuchomelea hana haja ya kutafuta soko mbali. Swali ni ajifunzie wapi, na jibu langu ni chuoni, hata kama ameshaanza mtaani.

Chukua tela lililopasuka chesisi. Fundi aliyejifunza kwa kuangalia tu hupitisha mshono juu ya ufa, akapigilia bamba, akapaka rangi. Panapendeza, dereva analipa, safari inaendelea, na ufa uko palepale chini ya mshono. Aliyefundishwa vizuri huutafuta kwanza mwisho wa ufa na kutoboa tundu dogo hapo ili usiendelee. Kisha huchimba kwa grenda mfereji wa umbo la V mpaka akute chuma kizima, akajaza tabaka kwa tabaka, akigonga magamba na kusugua kabla ya tabaka linalofuata. Betri ameshaitenganisha mapema, kwa kuwa malori ya siku hizi yana kompyuta zinazoungua kwa umeme wa mashine. Springi iliyokatika haigusi kabisa. Chuma chake kina kaboni nyingi. Ukikiunguza kikapoa haraka, huwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo. Hiyo hubadilishwa.

Kuna pia suala la fimbo za kuchomelea. Namba 6013, inayouzwa karibu kila duka la vifaa, inatosha kwa mageti na madirisha. Kazi ya kubeba mzigo mara nyingi hutaka 7018. Ile 70 ya mwanzo inaeleza nguvu ya mshono: pauni 70,000 kwa kila inchi ya mraba. Lakini fimbo hii haivumilii unyevu, na mvua zetu za Novemba hadi Aprili tunazijua. Unyevu huingiza haidrojeni ndani ya chuma kilichoyeyuka, na ufa unaweza kujitokeza saa nyingi baada ya kazi, lori likiwa limeshaipita Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo fimbo iliyokwisha kutolewa kwenye pakiti hutunzwa katika oveni yenye joto la zaidi ya nyuzi 100. Jambo la namna hii hulioni kwa macho, lazima ufundishwe.

Hata usalama ni somo. Tangi la mafuta lililokaushwa bado lina mvuke, na cheche moja inatosha kulilipua. Anayechomelea bila kinga, au kwa miwani ya jua, usiku huhisi mchanga machoni. Kinachotakiwa ni ngao yenye kioo namba 10 au 11. Mafundi wengi huamini maziwa husafisha moshi kifuani. Hayasafishi. Mwaka 2017 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Dawa yake ni hewa ya kutosha na barakoa inayostahili.

Njia za kusoma zipo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa vyeti vya ufundi stadi kwa ngazi tatu. Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa miaka ya 1970 Mwalimu Nyerere alipovutiwa na vyuo vya Sweden. Cha Nzovwe, Mbeya, hakiko mbali. Na fundi aliyezoea kazi mtaani anaweza kuomba VETA impime na kurasimisha ujuzi wake, akaongezewa alichopungukiwa na kupewa cheti.

Cheti hicho kina kazi. Mabomba ya mafuta, kama TAZAMA ya kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, au lile la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, la kilomita 1,443, hayaungwi na mtu asiyepimwa. Katika mtihani mgumu unaojulikana kama 6G, bomba hufungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45 bila kuzungushwa, na mchomeleaji ndiye anayelizunguka. Vipande vya mshono wake vinaweza kukatwa na kukunjwa mpaka vipinde kama herufi U. Vikipasuka, ameshindwa.

Mzazi, kabla hujalipa ada, omba kuingia karakana. Uliza mashine moja inatumiwa na wanafunzi wangapi, na fimbo wanapewa ngapi kwa wiki. Omba uonyeshwe vipande walivyovikunja. Chuo kisicho na vipande hivyo, mpeleke mwanao kwingine.