Kambini, Fomu Iulize Pia Ujuzi wa Familia

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipozifukuza familia nyingi makwao, baadhi ya shule nchini ziligeuka makao ya muda, na ufunguzi wa muhula wa pili ukaahirishwa hadi Mei 13.

Familia ikifika kambini, huandikwa inachokosa: blanketi, sufuria, neti ya mbu. Ni sawa. Lakini fomu ikiishia hapo, fundi wa cherehani, mpishi na seremala huwa waathiriwa tu, wa kungoja kugawiwa.

Mwaka 1993, John Kretzmann na John McKnight wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha kitabu kinachohimiza jamii kuanza na kile ambacho watu wake wanakiweza. Kambini hilo ni swali moja zaidi: “Unajua kazi gani?” Majibu huonyesha nani apange zamu za jikoni, nani abaki na watoto wakati wa foleni ya maji, na nani atengeneze mlango wa choo usiofungika. Mlango huo si jambo dogo. Anayeogopa choo usiku huenda kichakani, na kipindupindu hupata njia.

Ujuzi wa wakazi hauiondolei serikali wajibu wa chakula, maji safi na dawa. Wala mtu asilazimishwe. Aliyefiwa juzi asikabidhiwe ufagio leo.

Unapojiandikisha, mweleze msimamizi wa kambi au wa wadi kazi unayoijua, hata kama fomu haina nafasi ya kuiandika.