Nakili kwanza, futa baadaye
MWALIMU wa Kivaa, Kaunti ya Machakos, anayehamisha faili za alama za wanafunzi kutoka sehemu moja ya diski hadi nyingine katika tarakilishi ya Linux, sharti atahadhari.

Ndani ya sehemu moja, amri ya 'mv' hubadilisha tu anwani ya faili. Baina ya sehemu mbili, hunakili kisha hufuta faili asilia. Umeme ukikatika papo hapo, huenda asilia imefutwa ilhali nakala haijaandikwa kikamilifu diskini.

Njia salama ni kukagua nafasi kwa 'df -h', kunakili kwa 'rsync -a', kutoa amri ya 'sync' ili data yote iandikwe, kisha kulinganisha kwa 'diff -r'. Pasipoonekana tofauti yoyote, ndipo faili asilia zifutwe.