Nyumba iliyobaki kwenye karatasi

Mkazi wa Roseville, mji ulio kaskazini mwa Saint Paul katika jimbo la Minnesota, Marekani, akizuru Taasisi ya Sanaa ya jiji jirani la Minneapolis atakuta humo ujia wa nyumba, bila nyumba yenyewe.

Ujia huo ulikuwa sehemu ya jumba ambalo msanifu majengo Frank Lloyd Wright alimsanifia Francis Little kando ya Ziwa Minnetonka. Lilijengwa kati ya mwaka 1912 na 1914, likabomolewa 1972. Sebule yake sasa iko New York, na maktaba yake Pennsylvania.

Jumba jingine la Wright, lenye fahari zaidi, halikubomolewa kwa sababu halikujengwa kamwe.

Mwaka 1907 Harold McCormick, ambaye ukoo wake ulitajirika kwa mashine za kuvunia nafaka, alitaka nyumba ya mapumziko huko Lake Forest, kaskazini mwa Chicago. Mkewe, Edith, alikuwa binti wa tajiri wa mafuta John D. Rockefeller.

Wright, aliyekuwa na umri wa miaka 40, hakuchora kasri la ghorofa nyingi. Alichora majengo yenye mapaa ya chini, yaliyounganishwa kwa baraza na kumbi, yakifuata ukingo wa genge lililo juu ya Ziwa Michigan.

'Hapana' ya McCormick

Wenye fedha waliikataa ramani hiyo. Kazi akapewa Charles Platt, aliyewajengea jumba la mtindo wa Kitaliano, Villa Turicum.

Wanahistoria wa usanifu huliona hilo kuwa pigo zito. Wright alikuwa akitafuta usanifu utakaotokana na tambarare za Marekani yenyewe, na hapa familia yenye uwezo wa kujenga chochote ilichagua kuiga Ulaya. Mwaka 1909 aliiacha familia yake na ofisi yake, akaenda Ulaya.

Ramani ya nyumba kwa kawaida ni maagizo kwa fundi. Ikikosa fundi, yaweza kupata wasomaji. Michoro ya nyumba ya McCormick ilitiwa katika mkusanyo wa kazi za Wright uliochapishwa na Wasmuth mjini Berlin mwaka 1910 hadi 1911, na wasanifu vijana wa Ulaya wakaichambua. Kwenye karatasi paa halivuji, tofauti na mapaa ambayo baadhi ya wateja wa Wright waliishi chini yake.

Aliyehifadhi kabatini huko Minnesota ramani ya nyumba anayokusudia kuijenga Morogoro au Kisumu huenda asifurahie mfano huu.

Edith aliondoka kwenda Uswisi mwaka 1913, akarejea 1921. Villa Turicum ilibomolewa katika miaka ya 1950. Hifadhi ya michoro ya Wright, tangu mwaka 2012, inamilikiwa kwa pamoja na Chuo Kikuu cha Columbia na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, na watafiti huomba miadi ili kuisoma.