Mishikaki ya Jioni Sumbawanga

Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na Juni na Julai baridi yake si ya mchezo. Ndiyo maana kwenye jiko la mishikaki mteja hunyoosha viganja kwanza, bei baadaye.

Jiko lenyewe mara nyingi ni pipa lililopasuliwa na kuwekewa miguu. Mchomaji hupepea mkaa kwa kipande cha boksi. Kwenye kila kijiti huchomeka kipande cha mafuta katikati ya minofu, kiyeyuke na kuilainisha mingine. Mafuta yakidondoka na moto ukalipuka, huunyunyizia maji upesi, maana ndimi za moto huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Chumvi na pilipili ya kusaga, basi, kazi imekwisha.

Wajapani nao wana migahawa midogo ya yakitori: kuku wa vijiti juu ya mkaa, kwa chumvi au mchuzi mtamu. Huko maini, ngozi na firigisi huuzwa kwa yeyote mwenye hela. Hapo mzee wa Kifipa angeguna. Firigisi kwetu, kama kwa makabila mengi ya nchi hii, ni ya baba au mgeni.

Nyumbani nyama hugawiwa kwa heshima na umri. Mshikaki haujui mkubwa wala mdogo. Kijana hununua wake, akala amesimama. Wazee wengine huuona uroho. Mimi sikubaliani nao, kwani adabu imeufuata mshikaki hadi barabarani. Hakuna anayeng'ata kabla ya kumwambia aliye jirani, "Karibu." Naye hujibu, "Ahsante, endelea," au huchomoa kipande kimoja tu. Anayekula amegeuza mgongo husemwa hadi kesho yake.

Kuna na adabu ya dini. Wafipa wengi ni Wakatoliki na kitimoto wanaipenda, lakini ng'ombe wa kuuza huchinjwa na Muislamu ili kila mtu ale kwa amani, na nguruwe huwa na jiko lake. Mchomaji anayechanganya nyama hizo mbili kwenye wavu mmoja amejifungia biashara mwenyewe.

Basi msomaji, ukipita Sumbawanga jioni, usianze na "nipe mbili". Salimia kwanza.